Alto ya Saa Kumi

Kila Jumamosi, kabla ya saa kumi alasiri, Nasiba hupanga viti kumi na saba vya plastiki nyuma ya karakana ya seremala, mtaa wa Ndosho, na juu ya kila kiti huweka karatasi ya noti yenye jina. Katika bendi yake haandikii ala, anaandikia mtu. Huchukua muziki wa filamu, ule wa wapanda farasi uliorudiwa mno kwenye vibanda vya video, akaupanga upya kwa tarumbeta, tromboni na saksofoni, na maharusi wa Goma huingia nao ukumbini kwa maringo.

Kiti cha tatu mstari wa mbele ni cha mumewe, Ridhwani, anayefungua wimbo kwa saksofoni alto. Mwezi wa pili alikwenda kupiga kwenye harusi huko Kalengera, kaskazini mwa mji. Mwendesha pikipiki aliyempeleka alirudi peke yake. Alieleza kwamba wenye silaha kwenye kizuizi walimchagua Ridhwani awabebee mizigo, akaondoka na sanduku kichwani na saksofoni mgongoni.

Kesho yake, saa kumi na dakika tatu, alto ya Ridhwani ilikuja kutoka kaskazini, ikapita juu ya mabati na kutua kwenye kiti chake. Ikawa hivyo kila siku. Mpiga tarumbeta alilalamika kwamba noti zake ziko chini kidogo, pengine kwa baridi ya njiani. Nshobole, mpiga tromboni ambaye ni mwalimu wa fizikia, alitazama saa yake.

"Anaanzaka saa kumi juste, kama zamani," alisema. "Sauti njo inatembea. Dakika tatu, ni kama kilometre soixante, sitini ivi. Mama Nasiba, bwana yako angali Kalengera."

Nasiba alifurahi hata akakosa pa kuweka mikono. Aliandika upya karatasi zote, akawapa wenzake dakika tatu za kunyamaza mwanzoni, ili waingie pamoja na Ridhwani.

Jumatatu alikwenda kwenye ofisi inayoandikisha waliopotea. Aliketi mbele ya karani mpaka alto ilipoingia dirishani. Karani aliweka kalamu chini, akasikiliza hadi mwisho.

"Anapiga muzuri," alisema.

"Ni bwana yangu. Iko Kalengera. Mutume batu bamulete."

"Mama, ku liste haiko," alisema karani, akipitisha kidole kwenye orodha ya majina.

"Si unamusikia?"

"Namusikia. Lakini apa tunaandikaka benye kuonekana."

Karani alimkaribisha arudi siku yoyote, saa ile ile, kwa kuwa ofisini hawana redio. Nasiba alirudi mara tisa. Makarani wa vyumba vya jirani walianza kuja na viti vyao.

Mwezi wa tano alto ilifika saa kumi na dakika nne, na Nasiba akawaongezea wenzake dakika moja ya kunyamaza. Mwezi wa saba ilifika saa kumi na dakika sita, nyembamba, na wapigaji waliziweka ala zao magotini. Nshobole aliinamia viatu vyake. Hesabu Nasiba alikwisha kuijua.

"Banazidi kumupeleka mbali," alisema.

Jioni ile aliketi mezani peke yake na kifutio, akaongeza dakika mbili za kunyamaza kwenye karatasi kumi na sita. Ya Ridhwani hakuigusa. Yeye bado anaanza saa kumi kamili.