Jina Lililoliwa na Kompyuta

Wiki hiyo wateja wa Nduku walijihudumia wenyewe. Mtu akiingia na kitambulisho chake cha kutoa fotokopi, Nduku alimwonyesha mashine kwa kidevu, kisha akarudi kuikodolea macho skrini. Macho yalimwasha, shingo ilikuwa imekakamaa, na chai yake ilipoa mezani kila siku bila kunywewa. Mwanamke aliyekuwa mcheshi kuliko wenye ofisi zote za kuchapa pale karibu na soko la Machakos alikuwa sasa hata salamu anaziitikia kwa shida.

Yote yalianza na flashi. Mwaka huo wa 2004 wateja walikuja nazo zikining'inia shingoni kama funguo za nyumba, na kompyuta yake kuukuu haikuzitambua. Akamwita Lenny, fundi kutoka Athi River, amwekee mfumo mpya. Lenny akauweka, akanywa chai, akaenda zake. Mambo yalikuwa shwari mpaka Nduku alipofungua maandishi ya marehemu baba yake.

Baba yake, Mwalimu Musili, alipostaafu alikuwa akija mjini kutoka Mwala kila siku ya soko, anaketi mbele ya kompyuta hiyohiyo na kuandika maisha yake kwa Kikamba, kwa vidole viwili. Hakuandika kwanza kwenye karatasi. Karatasi, alisema, huliwa na mchwa. Sasa ulikuwa umepita mwaka tangu wamzike, Jumamosi ilikuwa misa ya ukumbusho wake, na Nduku alikuwa amemwahidi mama yake kwamba baada ya misa angekisoma kitabu hicho mbele ya ukoo mzima.

Kikamba kina herufi mbili ambazo Kiswahili hakina, ĩ na ũ, zile zenye kijistari cha kujipinda kichwani. Mwalimu alikuwa amewekewa fonti ya zamani ya kuziandika, na mfumo mpya haukuijua. Programu iliuliza swali refu la Kiingereza kuhusu kubadilisha faili. Nduku, kama binadamu yeyote aliyewahi kuketi mbele ya kompyuta, hakulisoma. Alibonyeza ndiyo. Ikamuuliza kama anataka faili zote. Akabonyeza ndiyo tena, kwa haraka, maana kuna mtu alikuwa anangoja barua yake ya kuomba kazi.

"Madam, hiyo fonti naweza rudisha," Lenny alimwambia aliporudi, huku akijikuna kichwa. "Shida si fonti. Shida ni ulisema yes. Sasa kila mahali palikuwa na hizo herufi zenu, pako na alama ya kuuliza. Ile ya kwanza imeenda."

"Si ubadilishe zote mara moja?"

"Nibadilishe ziwe gani? Zote mbili zimekuwa kitu moja. Kompyuta haijui hapa ilikuwa i ama u."

Diski iliyokuwa na nakala waliijaribu pia. Ilikoroma ndani ya mashine, ikatemwa.

"Basi ni wewe usome, urudishe moja moja," Lenny akasema. "Mimi ningekusaidia, lakini Kikamba yangu unaijua." Na kweli Nduku alikijua. Lenny alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, na Kikamba chake kilimtosha kusalimia watu na kuagiza muthokoi, basi.

Nduku akaanza kazi hiyo ya kuchosha. Maneno mengi hayakumsumbua: m?nd?, yaani mtu, lilijisema lenyewe, na mwait?, yaani mama, pia. Jina lake mwenyewe lilikuwa limegeuka Nd?k?, akalirekebisha huku akicheka kidogo kwa uchungu. Ilimbidi asome kila sentensi kwa sauti, na kila akisoma alimsikia baba yake, pole pole, mkavu, mtu asiyepoteza neno. Alilia mara kadhaa, akajifanya ni macho.

Alhamisi akafika kwenye ukurasa wa ukame. Baba yake alieleza ng'ombe walivyokufa, na mara, bila kubadilisha hata sauti, akaeleza kifo cha mtoto. Nduku alijua kwamba kati yake na kaka yake Wambua kulikuwa na mtoto mwingine. Alijua bila kuambiwa, kwa sababu upande wa chini wa shamba kulikuwa na mawe ambayo hawakuruhusiwa kuyachezea. Jina la mtoto huyo hakuwahi kulisikia kwa mtu yeyote. Na sasa lilikuwa hapa, limeandikwa na baba yake: M?l?.

Mwanzo ulikuwa rahisi. Mwisho ulimshinda. Muli ni jina, na Mulu ni jina, na Wakamba wenye majina yote mawili unawapata hata leo ukisimama stendi ya Kyumbi. Kwa desturi mtoto wa kiume angepewa jina la babu, lakini hilo lilikuwa limeshachukuliwa na Wambua, kwa hivyo halikumsaidia. Akampigia kaka yake simu.

"Mimi nilikuwa mdogo," Wambua akasema. "Nilijua tu hiyo kitu haiulizwi. Uliza Mwaitu."

"Umuulize wewe, wewe ndio kifungua mimba."

"Wewe ndio uko na kompyuta."

Nduku akafikiria kuuruka ukurasa huo. Nani angejua? Lakini mzee alikuwa ameitafuta kila herufi kwa vidole viwili, na kulikosea jina hilo mbele ya mama yake kungekuwa kumzika mtoto mara ya pili.

Ijumaa mama yake, Kalekye, akaja mjini kununua mchele na sukari ya misa. Aliketi kwenye benchi la wateja, akavua viatu, akanyoosha miguu. Nduku alifunga mlango.

"Mwaitu, kuna mahali sielewi. Nikusomee."

Akasoma kwa Kikamba: ukame, ng'ombe, homa. Alipofika kwenye jina, akasoma silabi ya kwanza tu, akakoma.

Mama yake alirudisha miguu yake chini ya benchi.

"Mulu," akasema. Kisha, "Nani amekuambia habari zake?"

"Ni baba. Aliandika mwenyewe."

"Soma."

Nduku akasoma. Mwalimu alisema kwamba tangu siku hiyo, kila jioni akitoka shuleni, alipitia kwanza kwenye yale mawe, akakaa kidogo, ndipo akaingia nyumbani.

"Nilikuwa nikimuuliza mbona amechelewa," mama yake akasema. "Ananiambia vitabu vya wanafunzi vilikuwa vingi." Alijipangusa uso kwa ncha ya leso. "Siku ile hakulia. Hakumtaja tena. Nikasema mtu huyu hana moyo. Nimempikia, nimemzalia, nimemzika, na wakati wote huo nilikuwa nimemkasirikia."

Nduku alihamia kwenye benchi, akaketi kando yake.

"Kesho," mama yake akasema, akitafuta viatu vyake kwa miguu, "ukifika hapo usisome. Nyamaza. Nitamtaja mimi."