Aliyeitwa Mara Tatu

Mume wangu Haidari alikuwa mtu wa usingizi. Simsengenyi, kijiji kizima cha Mtawanya wanajua. Alilala mikutanoni, alilala huku kinyozi akimnyoa, na siku ya ndoa yetu alisinzia shehe akiwa katikati ya hotuba, mpaka mjomba wake akamfinya paja ndipo akasema amekubali. Nilimtania kwa hilo miaka yote. "Mie umenioa ndotoni," nilikuwa nikimwambia. Kwa hiyo alipoacha kulala, sikuhitaji kuambiwa kwamba pana jambo.

Aliacha kulala tangu alipokufa mdogo wake, Haruni.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Kila msimu wa mpunga waliteremka mbugani, kule delta, kila mmoja na shamba lake na dungu lake, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ambacho mtu hulala humo akilinda mpunga usiliwe na nguruwe na viboko. Sisi wake tulibaki Mtawanya na watoto. Madungu yao yalitazamana, mfereji ukipita katikati. Jirani yao alikuwa Bi Mashavu, mjane mzee mwenye mguu wa matende, ambaye kushuka ngazi kulimtesa, basi yeye alilinda shamba lake kwa kupiga debe tu na kutukana. Wenyewe nguruwe walimheshimu.

Usiku mmoja kiboko aliingia kwa Haruni. Haruni akashuka na kijinga cha moto kumfukuza. Asubuhi alikutwa kando ya mfereji, paja limechanwa, damu imemwishia. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aliyemwosha Haruni alisema kwa sauti ya chini kwamba yule hakufa mara moja, alikufa taratibu, kwani kucha zake zilijaa udongo. Mkewe Mwanamina hakuambiwa hilo. Mimi nililisikia kwa sababu nilikuwa nimepeleka maji.

Msibani Haidari aliulizwa kama hakusikia chochote. Akasema, "Nilisikia sauti yake ikiniita. Mara moja tu. Nikanyamaza."

Watu wote wakaafiki. Kwetu, mtu akiitwa jina lake usiku haitiki mara ya kwanza, wala ya pili. Mwanadamu mwenye shida ataita na mara ya tatu. Shetani hafiki tatu, wala mchawi aliyeazima sauti ya mtu. Hilo tunafundishwa kabla hatujafundishwa alifu. Wazee wakamwambia Haidari amefanya kama alivyolelewa, na kwamba siku ya Haruni ilikuwa imefika. Nami nilifarijika, nisidanganye. Nilijiona mke wa mtu mwenye akili.

Siku ya hitima ndipo alipoletwa Bi Mashavu, kapakiwa nyuma ya baiskeli. Akaketishwa na wanawake, akanywa maji, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume:

"Haruni aliita mara tatu. Mie nimesikia kwa masikio yangu haya. Nikapiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Haidari mwanangu, hata debe hukulisikia?"

Haidari akasema hakulisikia. Alisema huku akiitazama sahani yake ya pilau.

Maneno yakageuka pale pale. Kama Haidari, ndugu wa damu, kasikia mara moja, kizee cha shamba la jirani kimejuaje mara tatu? Pilau haijaisha, jibu lilikwisha patikana: kimejua kwa sababu ndicho kilichoita. Kimeazima sauti ya Haruni kimtoe Haidari nje naye aliwe. Hakuna aliyejiuliza mchawi gani huja kwenye hitima kujitangaza. Watu wakishapata wa kumlaumu, akili huipa likizo.

Nami nilimtazama mume wangu, nikingoja aseme hata "jamani, tusimsingizie mtu mzima." Alikuwa anatafuna.

Tangu hapo akawa halali. Alijilaza, alifumba macho, lakini nilijua kupumua kwa Haidari kama ninavyojua kilio cha mwanangu, na kule hakukuwa kupumua kwa mtu aliyelala. Kulikuwa kupumua kwa mtu anayesikiliza. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, Kibiti pale njia panda unapata kila kitu, mitumba, saa za mkononi, sabuni za rangi. Akauza mbuzi wawili, akanunua redio. Akawa anaiweka sikioni mpaka stesheni inafunga, na ikifunga aliiacha ikikwaruza. Nikasema, "Baba Mwantumu, redio hiyo haisemi kitu." Akasema, "Ndiyo naitaka."

Mchana alitembea kama mlevi. Alikwenda kisimani bila ndoo. Alimpiga mtoto kwa kumwita baba, eti kamshtua. Macho yakawa mekundu, mashavu yakaingia ndani, na wenzangu wakaanza kusema Bi Mashavu amekwisha kula mmoja, sasa anamalizia wa pili. Nilipowasikia sikuwakanya. Mganga wa kusini wanayemwita Fundi Nassibu alitumiwa ujumbe avuke kwa kivuko cha Ndundu aje kumnyoa Bi Mashavu mbele ya watu, kumtoa uchawi. Mwenye kunyolewa hivyo haachi kuitwa mchawi mpaka anazikwa, na wengine huzikwa na watu wachache sana. Nyumba yake haiombwi moto. Hakuna anayekula mpunga wake.

Siku mbili kabla ya kunyoa, nilimfuata Haidari Kibiti. Nilikuwa nimesikia kwamba anashinda kwenye banda la video la Bashiru, na mwanamke mwenye heshima zake hakanyagi pale, lakini nilikwisha choka kuwa na heshima. Nikasimama mlangoni nimejifunika kanga. Ndani giza, moshi, vijana wamejaa kwenye mabenchi, jenereta linanguruma nyuma ya ukuta. Kwenye televisheni palikuwa na mzungu mmoja mwenye macho kama ya mume wangu, anazunguka nyumbani mwake kufungua kila mlango. Bashiru alikuwa akitafsiri kwa kipaza sauti, ingawa Kiingereza cha Bashiru nakijua, tumesoma darasa moja.

"Jamaa halali!" akapaza. "Jamaa kichwa kishaharibika! Anasikia mtu anamgongea, akifungua hamna mtu! Kumbe huyu jamaa kaua, wazee, ngojeni mtaona!"

Haidari alikuwa mbele kabisa, ubavuni mwa spika, mahali ambapo mtu mwenye masikio mazima hawezi kukaa. Nikaelewa kwamba hakuja kutazama. Amefuata kelele.

Mara jenereta likakohoa likazima. Televisheni ikafa, Bashiru akakatika katikati ya neno, na banda zima likawa kimya. Na katika ule ukimya nikamsikia mume wangu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza:

"Basi Haruni, usiite tena. Mara tatu nimezisikia. Zote nimezisikia."

Vijana wakaangua kicheko. Walidhani bado ni picha. Mimi nikashika mwimo wa mlango.

Njiani kurudi Mtawanya nilimuuliza. Nilimuuliza kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikasimama katikati ya njia nikasema sisogei. Akasema, "Umesikia vibaya, Mama Mwantumu." Nikamwambia kesho kutwa mtu mzima ananyolewa kwa ajili ya mdomo wake. Akasema, "Kunyolewa si kufa." Nilimtazama yule mtu niliyemzalia, nikaona haya hata kuongozana naye. Hata hivyo nilifika nyumbani nikampikia, na yale niliyoyasikia nikayafungia kifuani. Nilijiambia atasema mwenyewe. Mwanamume asiseme mwenyewe?

Walinyolea uani kwa marehemu, ili haki ipatikane pale pale msiba ulipo. Mwanamina alikuwa ndani katika eda, haonekani na wanaume, lakini mlango ulikuwa karibu na alisikia kila neno. Sisi wanawake tulisimama upande huo wa mlango. Haidari aliketishwa mkekani kama shahidi, jua limemkabili. Bi Mashavu akaketishwa juu ya kinu kilichopinduliwa, mguu wake mnene umenyooshwa mbele, kanga ya kichwani imevuliwa. Nilikuwa sijawahi kuziona nywele zake. Zilikuwa nyeupe, chache, amezisuka vizuri kwa ajili ya siku hiyo.

Fundi Nassibu akamuuliza Haidari, "Uliitwa mara ngapi?"

"Moja," akasema mume wangu.

Fundi akamgeukia Bi Mashavu. "Nawe?"

"Tatu. Hata ukininyoa mpaka ubongo, tatu."

Fundi akammwagia maji ya dawa, akapitisha wembe kutoka paji la uso hadi utosini. Msuko mmoja ukaanguka mapajani mwake. Bi Mashavu akauokota akaushika tu, hakulia. Nilimtazama Haidari. Midomo yake ilikuwa wazi na shingo imelegea. Jua, uchovu, na labda kule kujua kwamba sasa mambo yamekwisha, vilikuwa vimemzidi. Yule mtu alikuwa anasinzia. Siku hizo zote hakulala, akaja kulala hapo, wakati ajuza ananyolewa kwa uongo wake.

Hasira ilinipanda kuliko aibu. Mimi mume wangu ni Baba Mwantumu, tangu nijifungue sijatamka jina lake mbele ya watu, na hakuna mke wa kwetu anayefanya hivyo. Nikapaza sauti:

"Haidari!"

Wanawake wakashika midomo. Wembe ukasimama hewani. Yeye akatikisika, macho hayajafunguka.

"Haidari!"

Mama mmoja akanivuta kanga, nikamsukuma.

"Haidari!"

"Nakuja, Haruni!" akapiga kelele, akajaribu kuinuka, mkono mmoja umenyooshwa kama anayetafuta ngazi. "Nakuja! Usiite tena, nimekusikia toka mwanzo!"

Kelele yake mwenyewe ikamwamsha. Akatuona sote. Sijui niseme nini kuhusu uso wake, ila kwamba nilitamani mtu amfunike.

Fundi Nassibu alikuwa wa kwanza kupata maneno. "Shetani kamwingia," akasema. "Mshikeni."

"Hapana shetani," akasema Haidari. Alikuwa bado amepiga magoti. "Ni mimi. Alipoita mara ya kwanza nilijua ni yeye, nikasema ngoja niisikie ya pili, ndivyo tulivyofundishwa. Akaita ya pili, nikasema ngoja ya tatu. Nilikuwa namwomba Mungu asiite ya tatu. Akaita. Nikatia mguu kwenye ngazi, nikamsikia kiboko anakoroma pale chini, nikaurudisha mguu. Nikajifunika blanketi kichwani. Debe la Bi Mashavu nililisikia mpaka alfajiri."

Wale waliompongeza msibani walitazama chini, kila mtu anatafuta kitu mchangani. Bi Mashavu peke yake ndiye aliyemtazama, nusu ya kichwa kipara, nusu imesukwa.

Kisha sauti ya Mwanamina ikatoka nyuma ya mlango. Tangu aingie eda hatukuwa tumemsikia akisema na mwanamume.

"Shemeji. Baada ya mara ya tatu hakuita tena?"

Haidari akamtazama Bi Mashavu.

"Mwache," akasema Bi Mashavu haraka. "Hilo mie sikulisema, nawe usiliseme. Nakuomba mwanangu."

Yule ajuza, ambaye mume wangu alimwacha asingiziwe uchawi, alikuwa ameificha siri nyingine kwa huruma, na alikuwa akiendelea kuificha huku maji ya dawa yanamchuruzika shingoni. Aibu niliyoiona hapo sijapata kuiona tena.

"Nimekuuliza, shemeji," akasema Mwanamina.

"Aliita tena," akasema Haidari. "Lakini hakuniita mimi. Alikuwa amekwisha jua kwamba siji. Alikuita wewe. Alikuita mpaka sauti ikamwisha."

Tukasikia komeo la mlango wake likisukumwa.

Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana. Fundi Nassibu alikunja wembe wake katika kitambaa akauliza njia ya Ndundu, ingawa ndiyo aliyojia mwenyewe. Mimi nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika Bi Mashavu kichwa. Hakuniambia asante, na alikuwa na haki, maana nilijua siku mbili nikangoja mpaka wembe upite. Haidari alijilaza ubavu pale pale mkekani, akalala. Alikoroma kama zamani.

Mimi nikaenda mlangoni kwa Mwanamina. Jua lilikuwa bado kali, hakuna mtu mwingine uani ila aliyelala. Nikabisha, nikamwita jina lake. Nikamwita tena. Nikaweka sikio kwenye ubao nikamsikia anavyopumua upande wa pili, karibu sana, kama naye kaweka sikio. Nikamwita mara ya tatu.

Hakuitika.