Usingizi wa Nagwan

Hapa Tanta, Misri, watu wanaamini dawa ya usingizi hufungua kinywa. Mgonjwa akizinduka, ndugu humzunguka na simu, wamrekodi akipayuka, waje wamcheke nyumbani. Mimi ni daktari wa usingizi, na nimechoka kuwafukuza. Utafiti wangu unalinganisha dawa mbili za kutuliza, nijue ipi humwamsha mtu bila payo. Mfamasia huniletea bomba la sindano lenye namba tu. Kilichomo anakijua yeye.

Nagwan alikuja kutenganishwa kuta za kizazi zilizogandana kwa makovu. Alikubali kuingia katika utafiti, kisha akanishika mkono.

"Daktari, nikipayuka nimekwisha."

Akanieleza. Miaka kadhaa nyuma, yeye na Shawqi walishafunga ndoa, lakini harusi ilikuwa bado, na kwa watu bibi harusi ni mwari mpaka siku ya kuingia nyumbani kwa mumewe. Mimba ikaingia, ikatoka. Shawqi akampeleka kwa daktari wa uchochoroni, akasafishwa vibaya. Mama mkwe, Hajati Inshirah, hakujua lolote. Alichojua ni kwamba mke wa mwanawe hazai, na Ijumaa wangekwenda kusoma Fatiha kwa wazazi wa msichana mwingine, posa iwe imekamilika.

"Shawqi anasemaje?"

"Mbele ya mama yake? Hana ulimi."

Nilikasirika, lakini hasira haimo katika vipimo vyangu. Nikamchoma sindano. Makovu yakakatwa, kazi ikaenda vizuri.

Katika chumba cha kuzindukia nilimkuta Hajati ameshaingia na sufuria ya njiwa waliojazwa ngano, Shawqi nyuma yake amebeba viatu vya mkewe. Nikamwomba atoke.

"Mimi nimezaa saba, binti yangu. Wewe ndiye wa kunionyesha mlango?"

Akaketi, akaweka sufuria chini, akainua simu.

"Nagwan, kipenzi, tumbo lako ulilifanya nini? Sema, tupo wenyewe."

Macho ya Nagwan yalikuwa yamefumbwa.

"Sema! Au Ijumaa nikasome Fatiha?"

"Mama, zima simu," Shawqi akasema.

"Nizime kwa nini?"

"Alishika mimba yangu kabla ya harusi, ikatoka. Kwa yule daktari aliyemharibu nilimpeleka mimi."

Hajati alimgeukia. Simu ilikuwa bado inarekodi.

"Na miaka yote hii unanisikia nikimwita gogo lisilochipua?"

"Nilikuwa nakusikia."

Hajati akaizima simu. Akatoka, akasahau njiwa wake, na Shawqi akamfuata na viatu mkononi.

Nikamwinamia Nagwan, nikamwita jina taratibu, kama utafiti unavyotaka. Akafumbua jicho moja.

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Umeamka saa ngapi wewe?"

"Tangu alipoweka sufuria chini." Machozi yakamtoka. "Nilikuwa namngoja Shawqi aseme."

Nikaandika: ameamka kwa utulivu, hakupayuka.