Mtu wa Theluji Aliyezidi Uzito

Nianze na theluji, maana hasira yangu ilianzia hapo. Mwezi wa kumi na mbili Kolwezi ni mvua na matope yanayomeza viatu, na hakuna mtu mtaani kwetu Kasulo aliyewahi kuona theluji ila kwenye simu. Lakini Madame Domitille, mwalimu wa binti yangu Laure, alituma karatasi nyumbani. Kampuni moja ya madini imewaalika watoto wa darasa la nne kwenye sikukuu ya Noeli katika kambi ya wafanyakazi wake, na kila mtoto aje na mtu wa theluji wa kusimamishwa chini ya mti. Vifaa: soksi nyeupe, uzi, vifungo, kipande cha kitambaa, na mchele wa kujaza tumboni. Mchele, eti. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka.

Soksi nyeupe nyumbani kwangu ilikuwa jozi moja tu, ya Beya, mume wangu, aliyoivaa kanisani siku ya Pasaka. Beya alikufa mwaka jana katika shimo alilolichimba uani kwetu, kama majirani wote walivyochimba majumbani mwao wakitafuta kobalti. Kuta zilimwangukia. Vijana walichimba siku nne, wakashindwa, na shimo likafukiwa naye akiwa ndani. Wazee wa ukoo wake wakaja kutoka Kasai kudai kucha zake na nywele zake, maana kwetu mtu akifia mbali, hivyo ndivyo anavyorudishwa kwao. Ningewapa nini? Waliondoka wakinung'unika kana kwamba nilikuwa nimemficha kabatini.

Laure alisikia yote hayo. Mtoto ana masikio, na mimi nilijisahau.

Jumamosi mchana tulikaa mlangoni kwenye mwanga, mvua ikipiga mabati. Nilikata soksi katikati. Sehemu ya mguuni tuliifunga chini kwa uzi ikawa mwili, ncha ya vidole ikawa kofia. Vifungo vitatu vyeusi tulivitoa kwenye koti la Beya, pua tuliikata kwenye kifuniko cha chupa cha rangi ya chungwa, na mabaki ya kitenge changu yakawa skafu. Alikuwa anapendeza, nakiri, ingawa nilimshona nimenuna.

"Mama, mu tumbo tutatia nini?" Laure aliuliza.

"Hapana muchele. Muchele ni ya kula. Enda mu lupango, tia bulongo."

Hilo ndilo kosa langu, na simsingizii mtu mwingine. Nilimaanisha aende uani achote mchanga wa pale ukutani, unaobaki mkavu hata mvua ikinyesha. Yeye alikwenda moja kwa moja mahali shimo lilipofukiwa. Alirudi amelowa, amemkumbatia yule mtu kwa mikono miwili, na tumbo jeupe limeshaanza kupiga weusi.

"Sasa Papa naye atakuya ku fête," alisema.

Nilifunga uzi wa shingoni, nikakaza fundo.

Siku ya sikukuu wazazi wachache tuliwasindikiza watoto katika basi la kampuni. Waliimba, wafanyakazi wa kambi wakapiga makofi na kupiga picha. Chini ya mti walisimama watu wa theluji arobaini, weupe pe, na wa Laure mwenye tumbo jeusi. Madame Domitille alimsogeza nyuma ya wenzake. Laure akaenda akamrudisha mbele. Madame akamsogeza tena, na binti yangu akamrudisha tena. Hapo nilijua damu hiyo ni yangu.

Wakati wa kuondoka Madame alitangaza kwamba watu wa theluji wote watabaki kama zawadi kwa wenyeji wetu. Laure akamchukua wake akamtia kwapani.

"Laure, acha ile pale," Madame alisema.

"Papa hawezi kubakia huku."

Madame alinitazama. Mimi nilitazama dirisha.

Kwenye kizuizi cha lango la kambi walinzi waliteremsha basi zima. Nilipaswa kukumbuka, mimi mjane wa mchimbaji: kambini unaingia na mzigo wako bila kuulizwa, ni wakati wa kutoka ndipo wanakupekua, kwa sababu ya wizi wa madini. Mlinzi aliyekuja kwetu alikuwa na jina lake kifuani, Numbi. Alimpima mtu wa theluji mkononi.

"Hii iko nzito sana."

Kabla sijajibu alitoa kisu akampasua tumbo. Udongo mweusi ukamwagika kiganjani mwake. Akaleta mashine yao ya kupimia madini, akaielekeza, akasoma.

"Mama, hii ni cobalt. Munaiba hata na batoto?"

"Tata, ni bulongo ya kwangu. Inatoka Kasulo."

"Bote banasemaka vile."

Mashine haikudanganya. Udongo ule una kobalti, ndiyo maana Beya aliufuata mpaka chini. Numbi aliumwaga wote katika gunia la vitu vilivyokamatwa, akamrudishia Laure soksi tupu, kisha akafungua daftari lake.

"Jina ya mwenye mali?"

"Beya."

"Eko wapi?"

"Unatoka kumutia mu gunia sasa hivi."

Alitaka kucheka. Nikamweleza, na sikupunguza sauti, basi zima lisikie: shimo, siku nne, kucha, nywele. Madame Domitille aliinamia viatu vyake. Numbi alikuwa ameanza kujifuta mikono kwenye suruali. Mkono ukasimama njiani, hajui aupeleke wapi.

"Mama, mi sikujua."

"Sasa unajua."

Akavuta gunia mbele yetu, akalifunua. Ndani mlikuwa na udongo wa watu wengine, mweusi, wa kijani, wa kahawia, na mawe.

"Imechanganyika," alisema. "Beba yote tu, mama. Mi sitaandika."

"Nibebe ya kampuni, kesho mukuye kuniita mwizi? Nataka yake."

"Sasa nitajua yake namna gani?"

Mwaka mzima nimeulizwa swali hilo mimi.

"Chagua," nikamwambia.

Alimtazama Laure, aliyekuwa amefungua uzi wa shingoni na kuushika mdomo wa soksi wazi, vidole vyake vikiziba mpasuko wa tumboni. Dereva akazima injini. Numbi alipiga magoti kwenye matope, akaingiza mkono katika gunia, akaanza kuchagua.