Swali la Kupeleka Stesheni

Gizani ndama alikuwa akiramba mdomo wa kibuyu. Ulimi ulikwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza tena. Nilikuwa macho kabla yake. Raheli, mwanangu, alilala mkono wake ukiwa shingoni mwangu, nami nilirudia Kiingereza changu kwa midomo tu, kwa kuwa upande wa pili wa ukuta walilala wakwe zangu.

Kibuyu kile kilikuwa cha mume wangu, Yotham. Mama mkwe alikitoa ukutani mwenyewe akakiacha chini, ndama wakakizoea. Kibuyu cha mtu anayengojewa hakitolewi ukutani.

Yotham aliondoka na Mwingereza mmoja aliyekuwa akichuna ndege na kujaza ngozi zao pamba. Alikuwa mpagazi wake. Walielekea kaskazini, mvua zikanyesha, tukavuna uwele, hakurudi. Mwanzoni majirani zetu wa Miyuji waliniuliza atarudi lini. Baadaye wakawa wananiuliza, "Mmesikia chochote?" nami nikijibu, "Bado." Baba mkwe hakuuliza hata hilo.

Kisha Hasani, mfanyabiashara wa Kondoa, akaja na habari kwamba Mwingereza yuko njiani, anakuja Dodoma kupanda treni ya kwenda pwani.

"Wapagazi wake?" nilimwuliza.

"Wapya. Wale wa kwanza aliwaacha hukohuko akachukua wengine. Hawa hawajui lolote. Na yeye Kiswahili hana. Mpishi ndiye aliyekuwa mdomo wake, na mpishi amemkimbia."

Hasani alinieleza hayo darasani. Jioni tulikuwa tukisoma Kiingereza kwa Mwalimu Bartolomayo, kwenye taa yake ya mafuta: mimi, Hasani, na Emilia, aliyeolewa na mtoto wa ndugu yake baba mkwe. Emilia alikuwa na maneno yake. "Serikali ya Mdachi, sisi tunasoma Kiingereza. Tutaongea na nani, mbuzi?" Lakini misheni ilikuwa ya Waingereza, na dawa ya mtoto wake ilikuwa misheni, kwa hiyo alikuja kila jioni.

Siku ya treni Bartolomayo alitakiwa kuwa Mvumi na mchungaji. Basi tuliacha masomo mengine yote, tukatengeneza swali langu.

"Kwanza salamu," alisema. "Yeye atakuuliza wafanyaje. Usimjibu. Nawe mwulize vilevile."

"Nani anajibu sasa?" Hasani akauliza.

"Hajibu mtu."

"Basi wanaulizana bure!"

"Na wewe je?" Emilia akamdaka. "Siku punda wako alipokufa nilikuuliza habari, ukasema njema."

"Ile ni adabu, dada."

"Na hiyo ni adabu yao."

Bartolomayo aliwaacha wacheke, akanigeukia. "Ukimwuliza Mwingereza, mume wangu yuko wapi, atadhani unamshitaki. Mwombe kwanza. Sema, waweza kuniambia mume wangu alipo."

Nilijaribu. Nikaomba vizuri, lakini mwishoni nikarudi kwenye 'yuko wapi'.

"Hapana, Loisi. Ukishaomba, swali limekwisha kuingia ndani. Usilitoe nje tena. Alipo."

"Kwa nini kuzunguka hivyo, mwalimu?"

Alifikiri, akasafisha utambi wa taa. "Unampa mtu nafasi ya kusema sijui bila kuona haya."

Sikutaka aseme hajui. Hata hivyo nilijifunza kuzunguka, nikakariri mpaka Raheli naye akawa anaimba sauti yake bila maneno.

Stesheni tulimkuta Mwingereza amekaa juu ya sanduku, uso umebabuka kwa jua. Emilia alinisukuma kiunoni. Nilimwamkia. Akainuka, akavua kofia, akaniuliza nafanyaje, nami nikamwuliza vilevile. Hasani nyuma yangu akaguna kwa kuridhika. Kisha nikalitoa swali langu lote, toka ombi mpaka 'alipo', bila kujikwaa, nikalitaja na jina la Yotham.

Mwingereza alinitazama. Akatazama mtoto mgongoni. Akainua vidole viwili.

"Yotham," alisema. "Yotham."

Mwaka aliobatizwa mume wangu misheni ilibatiza Yotham wengi. Sikuwa nimewaza hilo. Alikunja kidole kimoja, akaegemeza shavu kwenye kiganja na kufumba macho.

"Amelala?" Emilia akauliza.

"Amezikwa," Hasani akasema polepole.

Yule Mwingereza alisogea karibu. Kumbe mpishi alikuwa amemwachia maneno mawili matatu. "Baba nani?" aliniuliza. "Yotham, baba nani?"

Nilimtazama Emilia, naye akatazama chini.

"Mtajieni basi!" Hasani alisema. "Mimi namjua kwa mzee, mzee tu. Anaitwa nani?"

"Ni baba mkwe," Emilia akamwambia. "Hatumtaji."

"Hayupo hapa! Yuko Miyuji anakunywa maziwa!"

"Hata angekuwa Bagamoyo. Mkwe ni mkwe."

"Mtoto aseme."

"Mtoto anajua kuita babu tu."

Treni ikapiga honi. Wapagazi wakaanza kuinua masanduku, Mwingereza akalishika moja kwa mkono wake, macho yake bado kwangu.

"Ndahani," nilisema. Honi ilikuwa inalia, ikabidi nirudie kwa nguvu. "Yotham wa Ndahani!"

Honi ikakatika katikati ya jina. Wauza karanga wakageuka. Mmoja wao, mwanamke wa kwetu Miyuji, alijiziba mdomo, kisha akainua ungo wake akaondoka.

Mwingereza alisimamisha kile kidole kilichobaki. "Mkalama," alisema, akainama akagusa muundi wake, akafanya mikono kama mtu avunjaye kijiti. Halafu akatafuta neno, akalipata. "Mzuri. Kidogo kidogo."

Ndivyo alivyoondoka. Hasani aliapa kwamba safari yake ijayo itapita Mkalama, njia ipinde isipinde. Emilia alilia, mimi nilikuwa nikifunga upya mbeleko. Mahali fulani kulikuwa na mke wa yule Yotham mwingine, naye labda alikuwa anaulizwa, mmesikia chochote. Sikujua nimtafute wapi.

Njiani nilimweleza Raheli yote, kwa kuwa kwake hakuna la kuzunguka.

Tulipofika nyumbani niliona ungo wa karanga umeegemezwa mlangoni. Baba mkwe alikaa nje kwenye kigoda. Mama mkwe alisimama nyuma yake, mikono ina unga. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Habari za stesheni?"

"Njema, baba."

"Za Emilia?"

"Njema."

"Na treni?"

"Njema. Imeondoka."

Alichora mstari vumbini kwa fimbo yake, akaufuta kwa mguu.

"Nasikia kuna jina limetajwa huko."

"Limetajwa, baba."

"Sijui aliyelitaja alikuwa na haja gani."

Mama mkwe aliacha kupangusa unga. Nilijua namna ya kuomba kabla ya kuuliza. Jibu hatukuwa tumelifikia darasani.

"Baba, kama utaniruhusu," nilianza, "ningependa..."

Raheli aliteleza kutoka mgongoni mwangu, akaenda mpaka magotini pake, akashika ile fimbo.

"Babu, baba hajafa."