Maji ya Kutuliza Vumbi

Abrahamu mnyapara nilimkata kwa panga, nikafungwa, na wala sijuti. Watu wa Pongwe wanasema eti Kristina siku ile alipandwa na pepo. Pepo gani! Nilikuwa na akili zangu timamu, na mtoto mgonjwa kitandani.

Mwaka wa hamsini na sita mvua za vuli zilitukimbia. Kambi yetu ya manamba, kule kwenye shamba la mkonge, ilitegemea tangi moja tu, na lori lililijaza kila Jumamosi. Bertha wangu, miaka minne, alikuwa akiharisha na kutapika siku ya tatu. Mganga wa zahanati aliniambia, "Mchemshie maji, mnyweshe kidogo kidogo kutwa kucha. Maji yakikatika, mama, huna mtoto."

Jumapili asubuhi nikaenda na debe langu. Nikamkuta Abrahamu ameingiza mpira kwenye tangi letu, anayavuta maji kuyarudisha kwenye lori.

"Unayapeleka wapi?"

"Barabarani. Bwana Meneja na wenzake wa chama cha magari ya mbio wanatoka Tanga kutembea, watazame mashamba na milima. Magari yao hayana paa. Hawataki kula vumbi."

Nilidhani ananitania. "Vumbi? Mwanangu anakufa, Abrahamu!"

"Kesho nitalituma lori lilete mengine."

"Kesho nitamnywesha nani, maiti?"

Nikamsukuma, nikatumbukiza debe tangini. Akanichapa fimbo ya mgongo. Sikuachia. Akanichapa ya shingo, damu ikanichuruzika kifuani. Jirani yangu Semeni akapiga kelele, "Wallahi utamuua!" Nikamgeukia Abrahamu, nikamuuma mkono mpaka nikasikia nyama inaachia. Naye akanipiga teke la tumbo, nikaanguka chali. Semeni, Mungu amlipe, alilinyakua debe akakimbia nalo kwangu. Lilikuwa na maji robo tu.

Wanaume wetu, mume wangu Timotheo akiwemo, walikuwa wamepangwa kando ya barabara tangu alfajiri, wavue kofia magari yakipita. Wao hawakujua lolote.

Abrahamu aliondoka na lori huku akitukana. Kwa hasira na maumivu ya pale nilipomuuma, hakunyunyiza njia nzima kama alivyoagizwa. Aliyamwaga yote penye kona ya kuingilia kambini, akamaliza kazi. Na ule udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni.

Nilikuwa nimeshachemsha maji yangu na kuyarudisha debeni yapoe niliposikia magari. Yalikuja saba, madogo, mafupi, yananguruma. La mbele aliendesha Bwana Meneja mwenyewe. Lilipofika konani liliteleza ubavu, likapinduka ndani ya mkonge. La pili likaja likalibamiza. Anayeijua miiba ya ncha za mkonge hahitaji kuelezwa. Timotheo na wenzake walimtoa Bwana Meneja mwiba umempenya shavuni, mfupa wa mguu uko nje, analia, "Maji! Maji!" Masanduku yao ya bia na soda yalikuwa yametangulia nyumbani kwake, maili tatu mbele.

Nilimhurumia, sisemi uongo. Lakini sikumhurumia kuliko Bertha.

Mara Abrahamu huyo, anakuja mbio, mkono umefungwa kitambaa.

"Kristina, lete lile debe!"

"Ni la mtoto."

"Bwana anakufa!"

"Maji yake si umeyamwaga barabarani? Mpeleke akayalambe."

Nikafunga mlango. Akaupiga teke ukang'oka, ukaniangukia begani. Bertha alikuwa kitandani, midomo imepasuka, hata kulia hawezi. Panga la Timotheo la kukatia mkonge lilikuwa limeegemea ukuta. Nikalishika.

"Usiliguse debe."

"Thubutu!" akasema, akainama kulichukua.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikata mara moja tu, kabla debe halijanyanyuka chini. Vidole viwili vilianguka sakafuni, damu ikaruka mpaka ukutani. Abrahamu alitoka akilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Debeni halikuingia hata tone la damu, nilichungulia kuhakikisha.

Nikakaa kitandani, panga magotini, nikamnywesha mwanangu kijiko baada ya kijiko. Jioni askari walipofika, debe lilikuwa tupu, na Bertha alikuwa amenikojolea mapajani. Siku mbili alikuwa hajakojoa. Nilicheka na kulia, askari wakadhani kweli nina wazimu.

Bwana Meneja alipona, akarudi kwao Ulaya akitembelea mkongojo. Abrahamu alibaki na vidole vitatu mkono wa kulia. Hakimu aliniuliza kwa nini, nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi, akaandika, akanipa miaka miwili.

Siku niliyotoka nilitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka kambini, jua la saa saba. Mtoto wa kike alikuwa anafagia kibaraza changu. Aliniangalia usoni, hakunijua.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba."

Akaweka ufagio chini, akaingia ndani, akatoka na kikombe amekishika kwa mikono miwili, kama baba yake alivyomfundisha kuwapa wageni.

"Karibu maji, mama."

Nikayanywa yote, ndipo nikamwambia mimi ni nani.