Diski ya Pili

Asubuhi ya Ijumaa commandant, kamanda wa wapiganaji, alikuja mwenyewe ofisini, akaizunguka seva kama mtu anayepima ng'ombe sokoni. Watu wake walikuwa wameshika kituo kile cha Masisi tangu mavuno ya maharage. Alisema Jumatatu gari litakuja kuichukua mashine, ipelekwe kambi yao nyingine upande wa Walikale. Huko itafutwa, ianze kazi mpya. Hakufoka. Aliaga kwa adabu, akamwacha askari mlangoni.

Libérata, mtunza mashine ile, alibaki ameketi. Ndani ya mashine ile mlikuwa na watoto elfu moja mia nne na kumi na wawili, wote waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Kila mmoja alikuwa na jina lake, picha, alama za mwili, na sauti yake iliyorekodiwa ikitaja mama yake na kilima cha kwao. Miaka sita amekuwa akiwaandika katika ofisi hiyo ndogo ya parokia. Mtandao ulikatika siku antena ilipoanguka. Simu yake na kila kidude cha kuhifadhia faili vilichukuliwa katika msako wa kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba karatasi ya njia mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba hawezi kutoka, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua mashine.

Njia moja tu ilibaki. Jirani yake Mukandori, mjane aliyetengeneza fromage, jibini ya maziwa ya ng'ombe, alikuwa na ruhusa ya kushuka Bweremana kesho yake kuuza mzigo wake. Na Straton, fundi aliyeiweka seva kabla hajahamia Goma, aliwahi kumweleza kwamba ndani mna diski mbili pacha. Kinachoandikwa kwenye moja huandikwa papo hapo kwenye ya pili, hata moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Kama ni hivyo, Libérata angechomoa moja, Mukandori aibebe hadi kwa Annonciata, mwenzake wa kazi katika ofisi ya Bweremana, na seva iendelee kuwaka bila mtu kugundua.

Lakini maneno ya fundi si diski. Mashine ilikuwa ya Unix, haina picha wala vitufe vya kubofya, maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi. Aliandika amri ya kuuliza hali ya diski, akasubiri.

Jibu lilikuja kwa mstari mmoja mfupi: diski mbili zilitakiwa, moja ndiyo iliyokuwepo. Penye alama ya diski ya pili palikuwa na kistari kitupu.

Aliandika tena, akidhani amekosea herufi. Kistari kilikuwa palepale. Alipofungua kumbukumbu za mashine akaona kwamba diski ya pili ilijitoa kwenye upacha Machi ya mwaka uliopita. Miezi yote hiyo aliamini ana vitu viwili, kumbe alikuwa na kimoja. Watoto wote wa msimu wa mwisho wa vita walikuwa kwenye diski moja tu, nayo siku hizi ilikuwa ikigonga kama ukucha juu ya meza.

Angechomoa ile inayogonga, mashine ingezimika na askari angejua. Angechomoa ile nyingine, Mukandori angehatarisha maisha yake kwa orodha iliyopitwa na wakati.

Alimwambia askari kwamba anapanguza vumbi, akaizima mashine na kuifungua. Waya wa diski ya pili ulikuwa umelegea. Diski yenyewe haikuwa na kasoro. Akaukandamiza, akawasha, akaamuru pacha irudishwe. Alijua hatari yake. Ili kujaza ya pili, ile ya kwanza ingesomwa yote, mwanzo hadi mwisho, na diski inayogonga hufa katika kazi kama hiyo. Lakini kuiacha kulikuwa kuipoteza Jumatatu kwa hakika.

Asilimia tatu. Tisa. Kumi na nne. Mawingu yalifunika kilima na betri za sola zikaanza kushuka. Alizima taa, akazima friji ya dawa za parokia iliyokuwa tupu tangu msako. Kufika adhuhuri askari wawili walileta redio zao kuchaji, kama kila siku. Hakuweza kukataa. Aliketi kati yao akiwatazama wakicheka, na chini ya kicheko chao akisikia diski ikigonga, ikinyamaza, ikigonga tena.

Mmoja alimwuliza anaangalia nini.

"Nangojea mashini imalize kazi," akasema. "Iko muzee, inaenda polepole."

Ilifika mia saa kumi jioni. Kistari kiliondoka, alama mbili zikasimama bega kwa bega. Bado hakuridhika. Aliwangoja askari waende na redio zao, akaizima mashine, akaiwasha kwa diski ya pili peke yake, akamtafuta mtoto aliyeandikwa wiki iliyopita. Alikuwepo, na sauti yake pia. Ndipo akairudisha ile inayogonga na kutia nyingine ndani ya kitenge.

Mukandori alikuwa amekwisha kutoboa fromage moja kubwa kwa chini. Walifunga diski kwa plastiki, wakaisukuma ndani, wakaziba tundu kwa kipande kilekile.

"Kama wanaikata?" Libérata akauliza.

"Basi wanaikata, dada. Lakini huwa wanakata ile ya juu, hii nitaiweka chini."

Mukandori alishuka Jumamosi alfajiri, na Jumatatu gari lilikuja. Vijana walipoibeba seva, commandant alimwonyesha Libérata mlango wa nyuma wa gari.

"Na wewe unapanda, Mama. Mashini bila mutu wake iko bure."

Alipanda na nguo alizovaa. Njiani kuelekea Walikale aliishika mashine magotini, kwa kuwa walimwambia aishike. Siku ya pili huko kambini walimpa kiti na meza, wakamwamuru aifute yeye mwenyewe. Mkono wake ulikaa muda mrefu juu ya vitufe. Hakuwa na habari yoyote ya Bweremana. Askari alikohoa nyuma yake, na Libérata akaandika amri ile.

Zilipita siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mwanamke mmoja muuza chumvi aliruhusiwa kuingia kambini. Alipompimia Libérata, alisema bila kuinua macho kwamba Mukandori anamsalimia, kwamba Annonciata wa ofisi ya Bweremana aliifungua fromage na kuikuta diski nzima, na kwamba wazazi wawili wamekwisha kupatikana.

Libérata aliuliza ni wa watoto gani. Mwanamke hakujua majina.

Alitaka kumwuliza pia kama Mukandori anaweza kumwambia mtu kule kwamba yeye Libérata amezuiliwa hapa kambini, lakini askari alikuwa amesogea karibu. Alichukua chumvi yake, akashukuru, akarudi ndani kwenye mashine.